Mwili wa Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza, na imeanza kwa ubaya. Paa la chumba cha kukatia limevuja juu ya kabati, na karatasi zote za kukatia, zile ramani za nguo tulizozitunza miaka tisa, zimegeuka uji. Wifi alizizoa kwa mikono miwili akazitupa nje. Kisha akanitazama mimi.

"Si kitu," akasema. "Karatasi zimekufa, namba kumi na mbili mwenyewe yupo."

Namba kumi na mbili ni mimi. Tangu niolewe na mdogo wake nikahamia chumba cha nyuma ya karakana yake ya ushonaji, nguo zote za namba hiyo zinajaribiwa kwenye mwili wangu. Nikivaa sampuli ikanikaa, basi imekaa. Namba kumi inapunguzwa kutoka kwangu, kumi na nne inaongezwa kutoka kwangu. Fundi wa overloki, ile mashine inayokata na kufunga kingo za mshono, husema nusu ya wanawake wa mji huu wanatembea ndani yangu bila kupiga hodi.

Hiki kitabu pia kimetoka kwenye kabati lile. Ni cha vipimo vya wateja, kina safu za kifua, kiuno, nyonga, mkono na urefu, ila kimelowa pembeni na Wifi hakitaki tena. Nitaandika juu ya mistari yake. Mume wangu yuko safarini na lori mpaka mvua ziishe, na humu ndani sina wa kuzungumza naye ambaye si dada yake au mfanyakazi wa dada yake.

Jumatano, Machi 6

Mvua. Vidonge vinne, kama kawaida.

Ijumaa, Machi 8

Tumepata oda ya kutulisha mwaka mzima: gauni mia na arobaini za wauguzi, nyeupe, kola ndogo, mkono mfupi. Ni za hospitali ya ng'ambo ya daraja. Matroni wao amekuja mwenyewe kuagiza, mwanamke mrefu ambaye hacheki ovyo. Alipapasa kitambaa kama anatafuta mshipa.

Alipoondoka, Wifi akaniuliza, huku macho yake yakiwa kwenye jora, "Wifi, wewe bado ni kumi na mbili?"

"Ndiyo."

"Maana naona umenawiri."

"Ni mvua hii, wifi. Tunakaa tu."

Nimedanganya, na heri niandike kwa nini, maana hapa hakuna wa kuniumbua. Mimi ndiye mkataji. Mkataji aliyenitangulia alikuwa na kifua. Vumbi la kitambaa lilimkohoza mpaka mkasi ukawa unamcheza mkononi, na Wifi alimwonyesha mlango. Mwaka wangu wa sita mezani kifua changu nacho kikaanza. Nikaenda kliniki kimyakimya, daktari akaniandikia vidonge vya siku tano. Siku ya pili nilikuwa mtu mpya. Nilipumua, nikala, nikakata gauni thelathini kwa siku huku naimba. Vilipoisha, kikohozi kikarudi, nami nikarudi, ila si kwa daktari. Nilikwenda kwa Bwana Dawa, mwenye duka la dawa mtaa wa pili, mtu mpole kuliko wote ninaowajua. Hakuniuliza karatasi ya daktari. Tangu hapo kila wiki ananifungia vidonge vyangu kwenye vikaratasi, vinne vinne, na juu ya kila kikaratasi anaandika jina la dawa kwa mwandiko mzuri. Mwaka wa tatu huu.

Nikisema mwili umebadilika, nitaulizwa umebadilishwa na nini. Nikisema vidonge, nitaulizwa vya nini. Nikisema kifua, nimemwaga unga.

Jumanne, Machi 12

Leo nimejitazama kwenye kioo cha chumba cha kujaribia nguo, nikiwa peke yangu. Uso umekuwa mviringo na mwekundu kwa ndani, kama mtu aliyetoka jikoni. Nyuma ya shingo nina nundu laini. Tumbo limekuja mbele, ila miguu na mikono imekonda. Ndevu tatu kidevuni, nimezing'oa. Siku zangu hazijaja tangu mwaka jana. Na nina njaa, njaa ya aibu, ile ya kula ugali wa jana nimesimama.

Siwezi kukaa muda mrefu mbele ya kioo kile. Mlango wa chumba changu unatokea karakana, na dirisha lina nondo. Kila ninakokwenda lazima nipite mbele ya mtu mwenye futi ya kupimia shingoni.

Jumamosi, Machi 16

Wifi alikwenda kununua vifungo. Nikashona sampuli haraka kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda inayofumuka kirahisi, nikaivaa, ikakataa. Kiuno hakikufunga. Mgongoni ilivutwa juu na ile nundu. Mikono ilipwaya.

Ningeweza kuvua, nikangoja Wifi, nikasema ukweli. Badala yake nikafumua. Nikaongeza kiuno, nikaongeza nyuma ya shingo, nikaupunguza mkono mpaka ukanishika vizuri. Aliporudi alinikuta nimesimama ndani ya gauni lililonikaa kama nimezaliwa nalo.

"Imekaa," nikasema.

Alinizunguka mara moja. Alikuwa na haraka, simu ilikuwa inaita. "Kata," akasema.

Nikachora karatasi mpya kutokana na sampuli hiyo. Kutoka kwenye karatasi hiyo nimetoa za namba nyingine zote.

Jumatatu, Machi 18

Nimekata arobaini. Mkono wa kulia una doa la damu iliyovilia chini ya ngozi, kwa sababu tu niliegemea meza.

Jumatano, Machi 20

Fundi wa overloki ameinua gauni moja juu, akalichungulia. "Shem, hawa wauguzi wanalishwa nini? Tumbo la mwenye duka, mikono ya mwanafunzi."

Wote walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ijumaa, Machi 22

Mteja mmoja amenishika tumbo mbele za watu, akanipa hongera. Nikasema asante. Wifi alikuwa anahesabu vifungo na hakuinua kichwa.

Jumatano, Machi 27

Oda imeondoka. Mvua haijakatika, leo siku ya nane.

Jumatano, Aprili 3

Gauni zimerudi. Zote.

Matroni alikuja na gari la hospitali, wanaume wawili wakashusha mafurushi. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alitandaza gauni moja la kumi na mbili juu ya meza yangu, akalipapasa.

"Mama," akamwambia Wifi, "nina wauguzi arobaini wanaovaa namba hii. Hakuna hata mmoja aliyeenea humu. Tumboni panapwaya, nyuma ya shingo pamesimama kama mfuko, na mkono haupandi kupita kiwiko. Kinachonishangaza ni kwamba zote zimekosewa sawasawa. Hii imekatwa kwa futi au kwa mtu?"

"Kwa mtu," akasema fundi wa overloki, kisha akaonekana kutaka kumeza ulimi wake.

Matroni akanitazama. Akalitazama gauni. Akanitazama tena, kuanzia shingoni kushuka, na uso wake ukabadilika. Hasira ilitoka, pakaingia kitu kingine.

"Nifuate," akasema.

Kwenye chumba cha kujaribia nguo alivuta pazia, akaniambia nivue. Hakuna aliyeniona hivyo, hata mume wangu, kwa miezi mingi. Nina michirizi ya zambarau tumboni na mapajani, mipana kama kidole, kama ngozi imechanika kutoka ndani. Akaibonyeza nundu. Akahesabu madoa ya mikononi. Akaniambia nichuchumae kisha niinuke bila kushika kitu. Sikuweza kuinuka. Nilibaki pale chini nimeshika pindo la sketi yake.

"Unameza nini?"

"Sina ninachomeza."

Alingoja. Ni mtu anayejua kungoja. Nikatoa kikaratasi cha kesho kutoka kwenye sidiria nikampa.

"Predinisoloni," akasoma. "Kwa muda gani?"

"Mwaka wa tatu."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akanieleza taratibu, na nayaandika kama alivyosema. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hizo mbili hutengeneza homoni, na mojawapo inaitwa kotisoli. Hiyo ndiyo inayokuinua asubuhi, inayoshika presha isianguke, inayokupa nguvu mwili unapopata msukosuko, iwe homa, iwe jeraha. Vidonge vyangu vinafanya kazi ileile, ila vimetoka kiwandani, na mimi najimiminia mara nne ya kiasi ambacho mwili unahitaji. Uso huu umetokana na hivyo, na tumbo, na michirizi, na misuli ya mapaja iliyoliwa.

"Basi naviacha leo," nikasema.

"Ndiyo kosa lenyewe hilo." Alinishika mkono kwa nguvu. "Tezi zako zimeona kazi inafanywa na mwingine, zimelala. Miaka mitatu zimelala. Ukiacha ghafla hakuna wa kushika zamu, na unaweza kufa. Utakuja kliniki Jumatatu, tutakupunguzia kidogokidogo. Mpaka siku hiyo, vinne kila asubuhi. Usiruke hata siku moja. Umenisikia, dada?"

Nilimsikia.

Kwa hiyo vinaniua na siwezi kuviacha. Sijawahi kusikia jela ya namba hiyo.

Tulipotoka, Wifi alikuwa amekunja gauni lile vizuri. Matroni alimwambia ataongeza wiki saba, na safari hii wauguzi wenyewe watakuja kupimwa. Gari lilipoondoka, Wifi alinijia, akanivua futi shingoni, akachukua mkasi wangu mezani.

"Kaa kwenye vifungo," akasema.

Hayo tu. Angenitukana ningejua la kumjibu.

Alhamisi, Aprili 4

Leo sijameza.

Najua nilichoambiwa. Lakini mimi ni mkataji, na kitu kikizidi nakikata, sikibembelezi. Miaka mitatu nimevaa mwili wa mtu mwingine, nimewavisha na wengine mia na arobaini. Nataka wangu. Nimekaa kwenye vifungo siku nzima nikimtazama Wifi akikata kwa mkasi wangu, anakata vibaya, anabana ulimi kwa meno. Mbona sijaanguka? Wauguzi nao hutia chumvi.

Ijumaa, Aprili 5

Viungo vinauma kama nimetwangwa. Sina hamu ya kula, mimi niliyekuwa nakula nimesimama. Nimeona ni dalili njema.

Jumamosi, Aprili 6

Nimetapika mara mbili. Kikohozi kimerudi, fundi wa overloki amejifanya hasikii, akazidisha kelele za mashine. Nikisimama, karakana yote inainama upande mmoja. Paa limevuja tena, na mafurushi ya gauni yamehamishiwa kwenye kona kavu, mbele ya mlango wangu. Wameniachia upenyo wa kupita ubavu. Nimepita, nimelala. Jumatatu nitakwenda. Jumatatu si mbali.

Jumapili, Aprili 7

Asubuhi. Chai imerudi. Sioni mist

Alhamisi, Aprili 11

Naandika kitandani hospitalini, wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Kitabu amekileta Wifi pamoja na kanga na mswaki. Sijui kama amekisoma. Kama amekisoma, shikamoo wifi.

Sehemu ninayoikumbuka ni ndogo. Nilitaka kutoka nikaombe msaada, na mlango haukufunguka. Mafurushi yalikuwa yameporomoka na kuuzuia kwa nje. Nikausukuma kwa bega, bega ambalo halikuwa na nguvu ya kusukuma hata pazia. Nikateleza nikakaa chini, jasho baridi linanitoka, na nilichokifikiria ni kwamba nitakufa nikiwa nimefungiwa na gauni nilizozikata mwenyewe. Nilikuwa naweza kusikia mvua na sauti yangu, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko mvua.

Mengine nimesimuliwa na fundi wa overloki, aliyekuja kunitazama jana akiwa amevaa viatu vya arusi. Jumapili karakana haifunguliwi. Wifi alikuja tu na yeye kuangalia kama paa limevuja, akasikia kitu kinakwaruza mlango. Hakuyabeba mafurushi yale kuyapanga pengine. Aliyavuta akayatupa nyuma yake kwenye maji, moja baada ya jingine, akayakanyaga mpaka akanifikia. Vitambaa vyeupe vile ambavyo angeweza kuvifumua akavikata upya, vyote vikaingia tope.

"Nilimwambia, shem, hasara hiyo," fundi akanisimulia. "Akaniambia nimpe mkokoteni nifunge mdomo."

Maji yalikuwa juu ya daraja, magari yamekataa. Walinipakia kwenye mkokoteni wa majora. Fundi akasukuma, Wifi akashika kichwa changu, maji magotini.

Hapa mapokezi walidhani ni malaria, wakataka kunipeleka kupima damu na kungoja majibu. Presha yangu ilikuwa karibu haipo. Wifi akatoa kikaratasi kutoka kwenye pindo la nguo yake, kimeandikwa kwa mwandiko mzuri, akampa daktari.

"Alikuwa anakunywa hivi, vinne kila siku, miaka mitatu," akasema. "Cha mwisho ni Jumatano asubuhi. Tangu Alhamisi hajakunywa."

Daktari hakungoja majibu ya chochote. Alinidunga sindano palepale, wakanitundikia maji yenye chumvi na sukari, na baada ya saa chache nikaomba uji.

Kuna jambo moja linanisumbua. Matroni alinieleza nyuma ya pazia. Wifi amejuaje kwamba niliacha Alhamisi?

Jumapili, Aprili 14

Nimemuuliza. Alikuwa ananimenyea chungwa.

"Nani anafagia chumba cha kukatia?" akasema.

Yeye. Miaka yote tisa anafagia mwenyewe, hamwachii mtu, anasema watu hutupa pini. Na mimi kila asubuhi nilikunywa vidonge vyangu nikatupa kikaratasi kwenye vipande vya kitambaa, nikidhani vipande ni vingi.

"Kila siku kimoja," akasema. "Alhamisi hakikuwepo. Ijumaa hakikuwepo. Nikadhani umepona, nikafurahi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na hukuniambia kitu."

Alimaliza kumenya. Alitoa hata zile nyuzi nyeupe, moja moja. "Ulikuwa hukohoi, wifi," akasema. "Nami nilihitaji mkataji."

Nilimchukia. Niliketi kitandani kwa nguvu nilizodungwa kwa sababu yake, nikamchukia, na chungwa lake nikalila lote. Alipoinuka kuondoka niliona nyayo zake zimechubuka kwa mchanga wa darajani, bado hazijapona.

Ijumaa, Aprili 19

Nimerudi chumbani kwangu. Mlango umegeuzwa bawaba. Sasa unafungukia ndani. 

Jumatatu, Aprili 22

Kliniki. Daktari amenipa dawa ya kuvuta kwa ajili ya kifua, ambayo ndiyo niliyostahili tangu mwanzo. Vidonge vinaendelea, vinne, kisha vitatu na nusu, na kushuka hivyohivyo kwa wiki na wiki. Amenipa kadi nitembee nayo: mwenye kadi hii asiachishwe dawa ghafla. Nikipata homa nizidishe mara mbili. Nikitapika nikashindwa kuvihifadhi, nikimbilie hospitali.

"Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka tezi ziamke. Miezi. Wengine mwaka, wengine zaidi."

"Na zisipoamka?"

"Basi utavimeza kidogo kila siku, na utaishi."

Ameniambia kwa upole. Nimetoka pale na jela yangu mkobani, na kadi ya kuithibitisha.

Jumatatu, Mei 6

Vitatu na nusu. Nusu naikata kwa wembe juu ya meza ya kukatia, asubuhi kabla watu hawajaja. Mkono wangu haujasahau; nusu zangu ni nusu kweli.

Wifi bado ana mkasi. Wauguzi wanakuja sita sita, anawapima kwa futi, anaandika. Mimi bado niko kwenye vifungo, na nimevaa kitambaa cha pua na mdomo alichonishonea. Kina tabaka tatu.

Alhamisi, Mei 9

Mifupa inauma, machozi yananitoka bila sababu. Daktari alisema ndivyo inavyokuwa dawa ikishuka. Nimemfokea fundi wa overloki kwa ajili ya uzi.

Jumatano, Mei 15

Daraja limefungwa tena. Mvua ya jana imekula kingo zake, na hakuna anayevuka, hata kwa mkokoteni. Dawa zangu za hospitali ziko ng'ambo. Nimehesabu nilizonazo: za kesho tu.

Huku upande wetu duka la dawa ni moja.

Nilikuwa nimeapa sitakanyaga kwake. Nimekwenda, mchana kweupe, Wifi nyuma yangu na mwavuli. Bwana Dawa alinipokea kwa tabasamu lilelile. "Mteja wangu, umepotea." Nikamtajia dawa. Akaweka mikono juu ya meza, akainamisha kichwa kwa masikitiko.

"Una karatasi ya daktari?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Miaka mitatu. Siku ninayovihitaji kweli, siku ambayo nisipovipata nitakufa, ndiyo siku aliyokumbuka karatasi.

"Wakaguzi wamepita juzi, dada," akasema. "Si unajua."

Nikatoa kadi nikaibandika juu ya kioo. Aliisoma yote. Alipofika kwenye jina la ugonjwa akanyanyua macho, akaniangalia uso, na nikaona kwamba ananiona kwa mara ya kwanza, uso huu aliousaidia kuumuka.

"Mimi nilikupa ulichoomba," akasema kwa sauti ndogo.

"Ulinipa," nikasema. "Nami niliomba. Hesabu."

Akahesabu. Tulipokuwa tunatoka Wifi alichukua kikaratasi kimoja kutoka kwenye mfuko, akakikunja, akakitia kwenye pindo la nguo yake, palepale kilipokuwa kile cha kwanza.

Jumatatu, Mei 20

Daraja limefunguliwa, oda mpya imeondoka. Tunangoja kama zitarudi.

Jumanne, Mei 28

Gauni hazijarudi. Nimekuta mkasi wangu juu ya meza ya kukatia, umenolewa. Nimefanya kana kwamba haukuwahi kuondoka. Yeye naye amefanya hivyohivyo.

Ijumaa, Juni 7

Vidonge viwili. Leo nimekwenda kliniki na njaa, bila kumeza vya asubuhi, kama nilivyoagizwa, wakanitoa damu saa mbili asubuhi, ile ya kuangalia kama tezi zimeanza kufanya kazi zenyewe. Wifi alifuatana nami, akakaa kwenye benchi na kijimto chake cha pini kama tasbihi, anazitoa anazirudisha.

Mvua imekatika, ingawa lori la mume wangu bado halijarudi. Njia nzima ilikuwa kavu na sikuifurahia.

Jumatatu, Juni 10

Bado zimelala. Daktari amenionyesha namba. Iko chini sana. "Tutapima tena baada ya miezi mitatu," akasema. "Usivunjike moyo." Nimevunjika. Uso umepungua kidogo, naona mfupa wa shavu upande mmoja, nikadhani na ndani mambo ni hivyo. Nimejikuta nimekaa kwenye sakafu ya chumba cha kujaribia nguo, nimeegemea kioo nisijione.

Wifi akavuta pazia. Nilidhani atasema kuna kazi.

"Simama nikupime," akasema.

"Ya nini? Mimi si kumi na mbili tena."

"Nani amekuuliza namba? Simama, wifi, goti linaniuma."

Nikainuka. Niliinuka bila kushika kitu, na sote wawili tuliliona hilo. Akanizungushia futi kifuani, kiunoni, nyongani, mkononi. Hakusema vipimo kwa sauti kama afanyavyo kwa wateja. Aliandika kwenye kitabu kipya, akaenda zake.

Miaka tisa nimekuwa ndani ya karatasi zote za karakana hii, na sijawahi kuandikwa kwenye kitabu cha vipimo. Alipokwenda kunywa chai nilikifungua. Mstari wangu uko kati ya mwalimu na muuza samaki. Sikusoma namba. Nilisoma safu ya mwisho, ya maelezo kwa mafundi, kwa mwandiko wake wa kubanana:

Mfuko mdogo ndani, kushoto, wa vidonge. Ubavuni mpige bandi tu, msitie overloki. Atapungua.